Silinda Nne au Sita? Ushauri kwa Vyama Vinunuavyo Pikapu Iliyotumika

Makatibu wengi huuliza swali hili mara tu mkutano mkuu uidhinishapo fedha za gari. Tuchukue Toyota mbili zilizozoeleka: Hilux ya dizeli yenye injini 3L, silinda 4, lita 2.8; na Land Cruiser yenye injini 1HZ, silinda 6, lita 4.2.

Faida ya sita huonekana mlimani, gari likiwa limejaa. Chama kipandishacho mbolea Kinole au Matombo na kuteremsha ndizi kila juma kitaichosha injini ndogo. Itachemka, na klachi itaungua mapema. Lakini kwa safari za Kilakala hadi sokoni mjini, sita ni anasa. Hula mafuta zaidi, na siku ya kubadili nozeli mtanunua sita, kwa fedha ya mkulima.

Hata hivyo, sita zilizochoka ni hasara kuliko nne nzima. Fundi wa chama, wala si wa muuzaji, aiwashe injini asubuhi ingali baridi. Moshi wa buluu usiokoma maana yake inakula oili. Kisha afungue kifuniko cha oili injini ikinguruma. Moshi ukifoka kwa nguvu, ringi za pistoni zimelika. Muuzaji akikataa ukaguzi huo, fedha zirudishwe benki.