Kulinda Ulinganifu wa Wakati katika Rekodi za Traki Nyingi za Kufundishia Muziki

Makala haya yamekusudiwa mwalimu wa muziki anayetumia rekodi ambazo ndani yake kila sauti imetengwa na mwenzake. Rekodi za namna hii huitwa rekodi za traki nyingi: besi ina njia yake, soprano ina njia yake, ngoma kadhalika, na zote huchezwa kwa pamoja ndani ya programu ya kompyuta. Faida yake katika ufundishaji ni dhahiri. Mwalimu aweza kuizima sauti moja akamwachia mwanafunzi aijaze. Aweza kuikuza sauti iliyo ngumu mpaka darasa liishike. Aweza kulipa kila kundi traki yake likajifunze chini ya mti. Taabu huanza pale traki hizo zinapotolewa katika programu na kupelekwa kwa mwalimu mwingine. Zinafika zote, hapana iliyopotea, na kila moja ikichezwa peke yake inasikika vizuri. Lakini zikiwekwa pamoja hazipatani tena.

Huenda mtu akadhani kwamba tofauti ya sehemu ndogo ya sekunde haina uzito darasani. Na tuitazame amadinda, marimba ya magogo ya Buganda yenye vibao 12. Wapigaji wake wawili wakuu, omunazi na omwawuzi, huketi wakitazamana, na kila mmoja hupiga katikati ya mapigo ya mwenzake. Wa tatu, omukoonezi, hushughulikia vibao viwili vidogo tu. Nyimbo zinazosikika katika muziki huo hazipigwi na mtu yeyote peke yake: huzaliwa masikioni mwa msikilizaji kutokana na mfumano wa mikono yote, jambo ambalo mtafiti Gerhard Kubik wa Austria alilieleza katika maandishi yake ya mwaka 1960. Sasa chukua kwamba kila mmoja wa wale wawili anapiga mara 300 kwa dakika. Kati ya pigo lake moja na jingine zitapita milisekunde 200, na pigo la mwenzake litaangukia katikati, yaani baada ya milisekunde 100. Traki ya omwawuzi ikisogea milisekunde 100, wote wawili watapiga kwa wakati mmoja, na wimbo utakuwa umekufa. Ikisogea milisekunde 25 tu, nafasi zilizokuwa sawa zitakuwa 75 na 125, na muziki utachechemea. Mganda aliyekulia katika ngoma hiyo ataligundua kosa mara moja. Mwanafunzi wa mbali, ambaye rekodi hiyo ndiyo mwalimu wake wa pekee, atajifunza kuchechemea na kuamini kwamba ndivyo ipigwavyo.

Kabla ya kueleza dawa, yafaa tujiulize ulinganifu wa traki unakaa wapi. Katika enzi ya utepe wa sumaku swali hili lilikuwa na jibu jepesi: ulikaa katika utepe wenyewe. Mashine ya traki nane ambayo kampuni ya Ampex ilimtengenezea mwanamuziki Les Paul wa Marekani, akaipata mwaka 1957, ilitumia utepe mmoja wenye upana wa inchi moja, na sauti zote nane zililala humo bega kwa bega. Utepe ukisogea, zote zilisogea pamoja. Simha Arom alitumia tabia hiyohiyo ya utepe alipochunguza muziki wa Jamhuri ya Afrika ya Kati katika miaka ya 1970. Miongoni mwa muziki huo ni ule wa baragumu za Wabanda-Linda, ambamo kila mpigaji ana sauti moja tu ya kuingiza mahali pake. Alimrekodi mpigaji wa kwanza; kisha wa pili akapiga huku akimsikiliza wa kwanza kwa vipokea sauti vya masikioni, na sauti zote mbili zikaingia katika utepe mmoja, kila moja upande wake. Hivyo mtafiti aliweza kuitenga sauti ya kila mtu bila kuipoteza nafasi yake miongoni mwa wenzake.

Kompyuta imeuvunja umoja huo. Ndani ya programu ya kurekodia, kila kipande cha sauti ni faili linalojitegemea, na programu huandika pembeni kwamba kipande hiki kianze katika sekunde fulani na kile katika sekunde fulani. Maandishi hayo ni mali ya programu, wala si sehemu ya sauti. Kipande kikitolewa nje peke yake, kwa kawaida huondoka bila habari hiyo. Upo muundo wa WAV uliowekewa nafasi ya kubeba alama ya wakati, nao ulitangazwa na Umoja wa Utangazaji wa Ulaya mwaka 1997. Lakini alama hiyo husaidia tu iwapo programu ya anayetuma inaiandika na programu ya anayepokea inaisoma. Mimi simshauri mwalimu aitegemee.

Chukua mfano wa wimbo wa kwaya uendao kwa mapigo 90 katika dakika, ambamo besi inaingia baada ya mapigo 32. Kabla ya besi kuimba zinapita sekunde 21 na theluthi. Ikiwa mtoaji amekata ukimya huo ili faili liwe jepesi, au programu imeukata bila kuulizwa, faili la besi litaanza na neno la kwanza la besi. Mpokeaji atalipanga pamoja na mengine mwanzoni, na besi wataanza kuimba sambamba na soprano. Kosa kubwa kama hilo angalau hujitangaza lenyewe. Hatari zaidi ni pale alto inapoingia nusu pigo baada ya soprano na ukimya wake mfupi ukakatwa: wimbo utasikika kama wimbo, maneno yataoana, na darasa zima litakariri mwingilio usio wake. Kuufuta mwingilio uliokaririwa na watoto 40 ni kazi kubwa kuliko kuufundisha upya, kama ajuavyo kila aliyewahi kusimamia kwaya.

Basi kanuni iliyo mama ni hii: mafaili yote yaanze katika nukta moja ya wakati, hata yale ambayo sauti yake inachelewa kuingia, na ukimya uliotangulia uachwe ndani ya faili kama ulivyo. Besi anyamaze sekunde 21 na theluthi katika faili lake, kama anyamazavyo jukwaani. Ni vema pia mafaili yote yaishie mahali pamoja, kwa kuwa urefu ulio sawa ndio uthibitisho wa haraka kuliko wote: mafaili manane yenye urefu wa dakika 4 na sekunde 12, na moja lenye dakika 3 na sekunde 51, tayari yamekwisha kusema mwenye kosa ni nani.

Katika utekelezaji, mwalimu atambue kwamba programu nyingi hutofautisha ukimya na utupu. Ukimya ni sauti iliyorekodiwa ambayo kiasi chake ni sifuri; utupu ni mahali ambapo hapana kitu. Ukimya hutoka pamoja na faili, lakini utupu waweza kuachwa. Katika programu ya Audacity, kwa mfano, ambayo hutolewa bila malipo na hutumiwa na walimu wengi, mna chaguo la kuupuuza utupu wa mwanzo wakati wa kutoa faili, na yafaa kuhakikisha kwamba halikuchaguliwa. Njia iliyo salama katika programu yoyote ni kujaza utupu kwa ukimya kutoka sifuri mpaka mwisho wa wimbo, kuunganisha vipande vya kila traki viwe kipande kimoja, kisha ndipo kutoa traki zote kwa mkupuo mmoja. Kutoa traki moja leo na nyingine kesho, baada ya kuhariri katikati, ni kujitafutia balaa.

Hata baada ya hayo ningemshauri mwalimu aweke alama ya kusikika. Watengenezaji wa filamu hupiga kibao mbele ya kamera ili picha na sauti zioanishwe baadaye. Sisi twatosheka na kofi moja kali, au mlio mfupi wa programu, uwekwe mahali pamoja katika kila traki, tuseme sekunde mbili kabla ya wimbo. Kofi huonekana katika mchoro wa sauti kama mwiba uliosimama, na mpokeaji aweza kuipanga miiba hiyo kwa jicho. Ila ifahamike kwamba kofi moja likinaswa na mikrofoni kadhaa katika ukumbi halitafika kwa wakati mmoja, maana sauti husafiri mita 340 hivi kwa sekunde, yaani karibu milisekunde 3 kwa kila mita. Mikrofoni iliyo mita tatu nyuma itachelewa milisekunde 9. Kuchelewa huko ni umbo la ukumbi wenyewe, na si lazima kusahihishwe.

Sasa tuje kwenye aina ya faili. MP3 hupendwa kwa wepesi wake, lakini hukata sauti katika vifungu vya sampuli 1,152, na katika kuvipanga vifungu hivyo huongeza ukimya kidogo mwanzoni. Kwa mtambo wa LAME ulioenea sana, nyongeza hiyo pamoja na ile ya usomaji hufika sampuli 1,105, ambazo kwa kasi ya sampuli 44,100 kwa sekunde ni milisekunde 25. Baadhi ya programu huiondoa wakati wa kufungua faili, nyingine haziiondoi. Traki zote zikipitia mtambo uleule na kufunguliwa na programu ileile, zitachelewa sawasawa na hapatakuwa na madhara. Madhara huja pale ngoma zinapotumwa kwa WAV na waimbaji kwa MP3. Hapo ndipo tunapoirudia ile hesabu ya 75 na 125 ya amadinda. Kwa hiyo tumia WAV kwa traki zote. Uzito wake haukwepeki: traki ya mono ya kasi ya 48,000 na biti 24 hula megabaiti 8.64 kwa dakika, na traki nane za wimbo wa dakika nne hukaribia megabaiti 276. Pale ambapo bando ni ghali, FLAC hupunguza mzigo, aghalabu kufikia karibu nusu, bila kupoteza sampuli hata moja. Wanaotuma kwa WhatsApp wakumbuke kulituma faili kama hati. Likitumwa kama sauti ya kawaida laweza kubanwa upya njiani.

Kasi ya sampuli nayo iwe moja kwa mafaili yote, ama 44,100 ama 48,000. Programu nyingi za leo hubadilisha zenyewe, lakini ikitokea faili la 44,100 likasomwa kana kwamba ni la 48,000, rekodi ya saa moja itakwisha kwa dakika 55 na sekunde saba na nusu, na sauti itapanda karibu nusutoni moja na nusu. Mwalimu akisikia kwaya yake ikiimba kwa haraka na wembamba wa kitoto, asiwalaumu waimbaji kabla ya kuiangalia tarakimu hiyo.

Mafaili yakiisha kutolewa, yajaribiwe. Fungua ukurasa mpya, mtupu, katika programu. Yaingize mafaili yote. Yapange yote katika sifuri. Sikiliza mwanzo, katikati na mwisho. Kujaribu katika ukurasa ule wa awali si jaribio, kwa sababu pale programu bado inakumbuka nafasi ya kila kitu. Pamoja na mafaili iende karatasi fupi inayotaja mapigo kwa dakika, kasi ya sampuli, na sekunde ambayo kofi limepigwa.

Limebaki jambo la rekodi zinazotoka kwa wanafunzi walio mbalimbali, kila mmoja akijirekodi nyumbani kwa simu huku akisikiliza traki ya kumwongoza. Hapa hapana sifuri ya pamoja, kwa kuwa kila mmoja hubonyeza kitufe kwa wakati wake. Traki ya kuongoza ianze na hesabu ya mapigo manne, na mwanafunzi aagizwe apige kofi moja sambamba na pigo la kwanza, kisha aimbe. Atumie vipokea sauti vyenye waya: vile vya Bluetooth aghalabu huchelewesha sauti kwa zaidi ya milisekunde 100, naye atachelewa pamoja navyo, kofi na wimbo vyote. Tena saa ya ndani ya simu hii haiendi sawasawa kabisa na ya simu ile. Tofauti ya sehemu 50 katika milioni huzaa milisekunde 30 katika dakika 10, na 180 katika saa moja. Kwa wimbo wa dakika nne twaweza kuiacha. Kwa somo refu au igizo la redio mwanafunzi apige kofi la pili mwishoni, na mhariri ainyooshe au aifupishe traki mpaka makofi yote mawili yaoane. Kazi hiyo ikiisha, makofi yaondolewe katika nakala ya kusikilizwa tu. Katika nakala ya akiba yabaki, maana mwanafunzi aliyechelewa kwa wiki mbili ataleta sauti yake, nayo itahitaji mahali pa kushikia.