Garissa: Miguu Mirefu Isimhukumu Mtoto

Kila ukame unapozidi Garissa, Wajir na Mandera, hutangazwa asilimia ya watoto waliokonda, na mara nyingi asilimia hiyo hutokana na kulinganisha uzito wa mtoto na urefu wake. Ikifika 15 kwa walio chini ya miaka mitano, hali huhesabiwa kuwa ya dharura. Lakini mizani hujumlisha mifupa, maji, ini na utumbo. Haionyeshi ni kiasi gani cha uzito huo ni mafuta na misuli, yaani akiba ambayo mwili hula chakula kinapokosekana. Hoja yangu ni kwamba kwa watoto wa jamii za wafugaji wa Kaskazini Mashariki, mzingo wa mkono wa juu hukaribia akiba hiyo kuliko uzito kwa urefu, na ndio unaostahili kutangulia tunapomtafuta mtoto wa kutibiwa.

Sababu kubwa ni umbo. Wasomali wafugaji, kama jamii nyingi za nchi kavu zenye joto, kwa kawaida wana miguu mirefu na kiwiliwili kifupi. Sentimita moja ya mguu ina uzito mdogo kuliko sentimita moja ya kiwiliwili. Tuchukue watoto wawili wenye viwiliwili na mikono iliyo sawa kabisa. Wa kwanza ana sentimita 90 na kilo 12. Wa pili miguu yake imezidi kwa sentimita tatu, na nyongeza hiyo ina uzito wa gramu 300 hivi. Ukigawa kilo kwa mita za urefu zilizozidishwa zenyewe kwa zenyewe, wa kwanza hupata 14.8 na wa pili 14.2. Wa pili ataonekana amekonda zaidi, ilhali hajapungukiwa mafuta hata kidogo. Kosa hilo hilo humficha mwanafunzi wa mjini aliyeanza kunenepa: miguu humfanya aonekane mwenye uzito wa wastani.

Ushahidi uko jirani. Mark Myatt na wenzake, katika utafiti wa watoto wa Ethiopia uliochapishwa mwaka 2009, walionyesha kwamba uzito kwa urefu huongeza idadi ya waliokonda katika jamii za wafugaji wenye miguu mirefu, na kwamba mzingo wa mkono hauathiriwi sana na umbo. Huku Kenya, utafiti wa Kilifi uliochapishwa mwaka 2005, uliohusu watoto zaidi ya 8,000 waliolazwa hospitalini, ulionyesha kwamba utepe wa kupima mzingo wa mkono ulitabiri vifo sawasawa na uzito kwa urefu. Kipimo cha bei nafuu, kisichohitaji mizani wala ubao wa kupimia urefu, hakikushindwa na kile cha gharama.

Wapo watakaosema kwamba mkono una misuli pia, si mafuta peke yake. Ni kweli. Anayetaka mafuta pekee atahitaji koleo la kupima unene wa mkunjo wa ngozi, au kumnywesha mtoto maji yenye deuteri na kupima mate yake katika maabara. Ila katika njaa misuli na mafuta huisha pamoja, na vyote viwili ndivyo vinavyomwokoa mtoto. Pingamizi zito zaidi ni kwamba utepe huwapata zaidi watoto wachanga na waliodumaa, na kuwaacha baadhi ya wakubwa. Uchambuzi wa Grellety na Golden wa mwaka 2016, kutoka nchi 47, ulithibitisha kwamba vipimo hivi viwili mara nyingi huwachagua watoto tofauti. Hilo halivunji hoja yangu, linaiwekea mpaka. Mtoto aliyefika kliniki na kuonekana amekonda kwa uzito asirudishwe nyumbani kwa sababu mkono wake umepita kiwango. Mwongozo wa WHO na UNICEF wa mwaka 2009 unakubali kimojawapo, na uvimbe wa miguu yote miwili ni utapiamlo mkali hata vipimo vingine vikisema nini.

Wengine wanahofu kwamba kuutegemea mkono kutapunguza takwimu, na misaada ipungue nazo. Dawa ya hofu hiyo ni kuilinganisha Garissa ya mwaka huu na Garissa ya miaka iliyopita, badala ya kuilinganisha na kaunti za wakulima wenye umbo jingine, na tafiti za lishe zipime pia urefu wa mtoto akiwa ameketi ili umbo lijulikane. Kwa mzazi na mhudumu wa afya ya jamii, kuanzia Dadaab hadi mabomani, kanuni ni nyepesi: mtoto wa miezi 6 hadi 59 ambaye mzingo wa mkono wake haufiki sentimita 12.5 apelekwe kituo cha afya, na asiyefika 11.5 apelekwe siku hiyo hiyo.