Mguu kifundo: Chunga pia mishipa ya damu

Mtoto wako amezaliwa salama, lakini mkunga anapomfunua unaona wayo wake umepinda kuelekea ndani na kisigino kimevutwa juu. Hali hii huitwa mguu kifundo. Huwapata takriban mtoto mmoja kati ya kila 1,000 wanaozaliwa. Wavulana ni karibu mara mbili ya wasichana, na karibu nusu ya watoto hao hupinda miguu yote miwili. Si laana, wala si kosa la mama.

Aghalabu wazazi huutazama mfupa uliopinda, basi. Lakini ndani ya wayo huo mna tofauti nyingine isiyoonekana kwa macho, nayo ni ya mishipa ya damu.

Damu hufikaje kwenye wayo?

Wayo hutegemea hasa mishipa miwili. Wa kwanza hushuka mbele ya muundi na kupita juu ya wayo. Gusa kwa vidole viwili juu ya wayo wako, kando ya kano ya kidole gumba, na huenda ukahisi mdundo wake. Wa pili hupita nyuma ya nundu ya mfupa iliyo upande wa ndani wa kifundo cha mguu, kisha hugawanyika na kulisha unyayo. Upo pia wa tatu, mdogo zaidi, unaopita upande wa nje.

Madaktari waliopiga picha za mishipa ya watoto wenye mguu kifundo waligundua kwamba mara nyingi ule mshipa wa mbele ni mwembamba kuliko kawaida, au haupo kabisa, hasa wayo ukiwa umepinda sana. Mara chache zaidi, unaokosekana ni ule wa nyuma.

Je, upungufu huo ndio unaoupinda mguu? Wataalamu hawajaafikiana. Wapo wanaosema mshipa ukikosa kukua vyema mtoto akiwa tumboni, misuli na mifupa iliyoutegemea nayo hudumaa. Wengine hujibu kwamba wapo watu wenye nyayo zilizonyooka ambao pia hawana mshipa huo wa mbele. Kwa hivyo, kukosekana kwake peke yake hakutoshi kuupinda mguu.

Usiingiwe na hofu. Mshipa mmoja ukipungua, ule mwingine hubeba mzigo, na kwa kawaida wayo hupata damu ya kutosha. Hatari huja pale mshipa huo uliobaki unapojeruhiwa au kubanwa.

Tiba na tahadhari

Matibabu yanayotumika sana leo yalianzishwa na Dkt Ignacio Ponseti katika Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, miaka ya 1940. Daktari huunyoosha wayo polepole kwa mikono na kuufunga plasta, kisha hubadilisha plasta hiyo kila wiki, kwa kawaida mara tano au sita. Watoto wengi huhitaji pia kukatwa kano ya kisigino, kwa kidonda kidogo tu. Plasta ya mwisho hukaa majuma matatu.

Mshipa wa nyuma hupita karibu na kano hiyo. Ikiwa ndio pekee unaoulisha wayo, kuukata kwa bahati mbaya kunaweza kuua nyama ya wayo. Ndiyo sababu kazi hii ni ya daktari aliyefunzwa. Upasuaji mkubwa wa kufungua wayo wote una hatari zaidi, na ni heri kuuepuka plasta inapofaulu.

Nawe mzazi una kazi yako. Plasta ikishafungwa, kagua vidole vya mtoto kila saa kwa saa 12 za kwanza, kisha mara nne kwa siku. Bonyeza kidole: kinapasa kuwa cheupe, na ukiachilia, rangi irudi mara moja. Ukiona rangi hairudi, vidole ni baridi, vimevimba au vimekuwa vya samawati, au mtoto halii kama kawaida bali analia bila kunyamaza, usingoje siku ya kliniki. Mrudishe hospitalini saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku, plasta iondolewe.

Baada ya plasta, mtoto huvaa viatu maalumu vilivyounganishwa kwa upau, saa 23 kwa siku kwa miezi mitatu, halafu wakati wa kulala tu hadi afikie umri wa miaka minne hivi. Wengi huacha mapema wakidhani mguu umepona, nao hupinda tena.

Wayo huo, pamoja na shavu la mguu, huenda ukabaki mdogo kidogo kuliko mwenzake. Hilo lisikutie wasiwasi. Ukimwanzishia mtoto tiba katika majuma ya kwanza ya maisha yake, na ukavumilia hadi mwisho, atatembea, atakimbia na kucheza kandanda na wenzake.