Miligramu 5: somo ambalo BAP ilinifundisha ku labo

Leo sitaongea juu ya kutafuta kazi. Nitaongea juu ya unga kidogo mweupe ambao karibu uniharibie TFC: benzilaminopurini, siye ku labo tunaiita BAP.

Wengine wataniuliza: hiyo ni mbolea? Hapana. Mbolea inalisha mumea; BAP inauambia cha kufanya. Ni homoni iliyotengenezwa na watu, ya jamaa ya sitokinini, zile zinazosukuma chembe zigawanyike. Kinetini, ya jamaa hiyohiyo, ilipatikana mwaka 1955 ku Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani. Mwaka 1957 Skoog na Miller wakaonyesha kwa tumbako jambo kubwa: sitokinini ikizidi oksini, machipukizi yanatoka, oksini ikizidi, mizizi inatoka.

Mimi nilikuwa na sababu yangu. Shamba la mama lilikufa lote. Mnyauko wa migomba uliingia na chipukizi tulilopewa na jirani, kwa roho nzuri kabisa. Kwa macho lilikuwa zima. Njo maana nikachagua labo: unatoa ncha ndogo ya chipukizi lisilo na ugonjwa, unaisafisha kwa dawa, unaitia ndani ya chupa yenye chakula cha Murashige na Skoog, sukari na BAP kidogo. Ncha moja inazaa machipukizi mengi; unayagawa, unaanza tena, kisha unayahamisha penye oksini yatoe mizizi.

Sasa kosa langu. Kipimo chetu kilikuwa miligramu 5 kwa lita moja. Stoki yetu ilikuwa na miligramu 1 kwa kila mililita, basi mililita 5 zinatosha. Siku hiyo nilishika stoki ingine, ya miligramu 10 kwa mililita. Sikusoma etiketi. Nikatia mililita 5 zilezile. Kumbe ni miligramu 50!

Kisha wiki chache, chupa zilijaa mabonge ya vichipukizi vifupi, vimesongamana, havirefuki. Nikatupa zote. Na mama kila siku ya Mungu alikuwa ananiuliza: «Mwanangu, migomba yako itakuja lini?» Nikamwambia ukweli. Akacheka: «Hata chumvi ya sombe iko na kipimo.»

Bafinalisti, soma etiketi, piga hesabu mara mbili, andika mu kaye. Na tusidanganye wakulima: BAP haiponyeshe ugonjwa. Muche wa labo unaingia shambani safi, lakini unaweza kuambukizwa kesho yake kwa panga chafu. Panga lipitishwe kwanza ku moto ao mu javeli, ndipo liguse mugomba mwingine.

Mara ya pili nilipima vizuri. Leo kwa mama kuko migomba tena.

Na weye, ni kosa gani la labo lilikufundisha? Tuandikie hapa chini.