Kompyuta huchora kwa pembetatu, binadamu huamua itakapokomea

PICHA ikipunguzwa hadi upana wa nukta 256 na urefu wa nukta 256, huwa na nukta 65,536. Kila nukta hubeba nambari tatu: ya wekundu, ya kijani na ya buluu. Kwa hivyo tarakilishi hulazimika kuhifadhi nambari 196,608. Pembetatu moja, kwa upande wake, huhitaji nambari sita tu za kuonyesha mahali pembe zake zilipo, na tatu zaidi za rangi. Pembetatu 100 ni nambari 900.

Ajabu ni kwamba kutokana na nambari hizo 900 mtazamaji aweza kutambua mti, mnara, hata sura ya mtu anayemfahamu. Huo ndio msingi wa Primitive, programu iliyoandikwa na Mmarekani Michael Fogleman kwa lugha ya Go na kutolewa bila malipo mwaka wa 2016.

Programu hiyo huendeshwa kwa amri za maandishi, bila vitufe vya kubofya. Mtumiaji hufungua dirisha la amri na kuandika mstari mmoja:

primitive -i picha.jpg -o sanaa.png -n 100

Herufi i hutangulia jina la picha asilia, o jina la picha itakayozaliwa, na n idadi ya maumbo. Asiyependa pembetatu aweza kuongeza amri ya kuitisha mistatili, duara au maumbo mengine.

Kinachofuata ni hesabu tupu. Programu huipunguza picha kwanza, kisha hutandaza rangi moja, ambayo ni wastani wa rangi zote za picha asilia. Hapo hubuni pembetatu kiholela, huikokotolea rangi inayoifaa zaidi, na kupima tofauti iliyopo baina ya mchoro na picha. Hufanya hivyo mara nyingi mno, ikihifadhi pembetatu iliyopunguza tofauti hiyo zaidi.

Pembetatu iliyoteuliwa husogezwa pembe zake kidogo kidogo. Tofauti ikipungua, badiliko hukubaliwa, ikiongezeka, hukataliwa. Ni mfano wa mtu anayepanda mlima gizani, akikanyaga tu pale mguu unapohisi mwinuko. Mtu huyo aweza kufika juu ya kichuguu akadhani ni kilele, na ndiyo maana programu huanza upya kutoka sehemu kadhaa kabla ya kuamua. Pembetatu ikishawekwa haibanduliwi tena. Inayofuata hupakwa juu yake kwa rangi inayopenyeza nusu ya kilicho chini.

Wazo hili lina mtangulizi. Mnamo Desemba 2008, mtayarishaji programu wa Uswidi, Roger Johansson, alionyesha Mona Lisa iliyochorwa kwa maumbo 50 ya pembe nyingi. Mtindo wake uliiga mageuzi ya viumbe: badiliko lolote, hata la rangi, lilitokea kwa bahati nasibu, na mizunguko zaidi ya 900,000 ilihitajika. Fogleman aliharakisha mambo kwa kuongeza umbo moja moja na kuikokotoa rangi badala ya kuibahatisha.

Lakini kipimo hicho ni kipofu. Kwake jicho la mtu na kipande cha ukuta ni nukta sawa. Picha ya mama aliyesimama mbele ya ukuta wenye vivuli na madirisha itatumia pembetatu nyingi kuutengeneza ukuta huo, naye mwenyewe abaki doa la kahawia lisilo na macho. Kuongeza idadi ya pembetatu si dawa nzuri, kwani pia ukuta utadai zake. Dawa ni kuikata picha mapema, uso ujaze sehemu kubwa ya fremu.

Idadi nayo ni suala la jicho la binadamu. Fogleman mwenyewe anapendekeza kati ya maumbo 50 na 200. Chini ya hapo picha nyingi hazitambuliki. Zikizidi sana, mchoro huanza kuifuata picha asilia hadi usanaa wenyewe ukatoweka. Programu haijui mpaka huo. Ikiachwa, itaendelea kupunguza tofauti hadi idadi iliyoagizwa itimie, kwa kuwa ndiyo kazi pekee inayoifahamu.

Kwa bahati nzuri, si lazima mtumiaji abahatishe. Akiandika sanaa%d.png badala ya sanaa.png, kila hatua huhifadhiwa katika faili yake. Aweza kuzitazama zote kwa zamu, ya 40, ya 70, ya 130, na kuchagua ile ambapo uso umejitokeza na pembetatu bado zinaonekana.