Chaza wa Tanganyika hakuachwa na bahari

Gamba la Grandidieria burtoni, chaza mdogo wa Ziwa Tanganyika, ni gumu na la mviringo kiasi kwamba mtu anaweza kudhani limeokotwa pwani ya Mombasa. Konokono wa ziwa hili wanafanana na wa baharini hata zaidi. Mpelelezi John Speke alikusanya magamba ya aina hizi mwaka 1858, na mwaka uliofuata S. P. Woodward akayaeleza kitaalamu huko London. Mwaka 1903 J. E. S. Moore alitoa kitabu kizima akidai kuwa ziwa ni mabaki ya bahari ya enzi ya Jura. Dai hilo linavutia, ila ushahidi unalikataa.

Enzi ya Jura ilikwisha miaka milioni 145 hivi iliyopita, ilhali bonde la ziwa lilianza kufunguka miaka milioni 9 hadi 12 iliyopita. Chaza mwenyewe naye anajieleza kwa uzazi wake. Chaza wengi wa baharini humwaga mayai majini, na watoto wao huelea huru. Grandidieria hulea mayai ndani ya matamvua, kama wafanyavyo jamaa zake wa mito na maziwa ya Afrika. Ukoo wake, basi, ni wa maji baridi.

Mpinzani atauliza: na ndagala, dagaa wa ziwa hili, je, si wa ukoo wa samaki wa bahari? Ni kweli, lakini ndugu zake wa karibu wako katika mito ya Kongo na Afrika Magharibi. Mababu zao waliiacha bahari zamani wakapanda mito, na kizazi chao ndicho kilichofika ziwani. Kwa hiyo asili ya samaki haithibitishi asili ya maji. Kuhusu magamba mazito ya konokono, sababu iko humo humo ziwani: kaa wenye magando yenye nguvu huwavunja walio dhaifu, na maji yenye madini mengi huwapa waliobaki malighafi ya kujijengea.

Hitimisho hili lina uzito kwa Bujumbura, jiji lililo kando ya ziwa. Grandidieria haishi popote nje ya ziwa hili. Udongo unaoshushwa na mito kama Ntahangwa kutoka milima iliyokatwa miti hufunika sakafu anamoishi na kuziba matamvua anayochujia chakula. Akitoweka hapa, hakuna bahari itakayomrudisha. Kumlinda kunaanzia mlimani, kwa kuuzuia udongo usishuke.