Mvua ya mlimani inavyogeuza kambi ya likizo kuwa mauti

Kila mwaka mwezi wa Agosti, shule zinapokuwa zimefungwa barani Ulaya, familia nyingi hufunga virago na kwenda kupiga kambi milimani na kandokando ya mito. Malazi ya hema ni nafuu kuliko ya hoteli, nao watoto hupata uwanja mpana wa kuchezea.

Mvua inapoanza kunyesha, wengi hujifungia ndani ya mahema wakiamini kwamba hasara kubwa itakayowafika ni kulowa kwa matandiko. Hata hivyo, mikasa kadhaa imethibitisha kuwa hatari kubwa haitokani na mvua inayolipiga hema, bali na ile inayonyesha mbali, juu ya milima.

Mkasa mkubwa wa aina hiyo ulitokea nchini Uhispania jioni ya Agosti 7, 1996. Katika kambi ya Las Nieves, karibu na mji mdogo wa Biescas kwenye milima ya Pyrenees, watu 87 walifariki baada ya mafuriko kusomba mahema, magari na matrela ya kulala. Wengi wa waliokuwepo walikuwa familia zilizokuwa likizoni, zikiwa na watoto.

Ili kuelewa kilichotokea, ni muhimu kwanza kufahamu ardhi yenyewe. Kambi hiyo ilikuwa mahali ambapo korongo la Arás linatoka mlimani na kuingia katika bonde la mto Gállego. Kwa maelfu ya miaka, maji ya korongo hilo yalikuwa yakishusha mawe na udongo na kuutandaza hapo kama upepeo. Matokeo yake yakawa uwanja mpana wenye mteremko mdogo, ambao kwa macho ya mgeni ulifaa sana kwa mahema.

Aidha, wahandisi walikuwa wamejenga kuta nyingi ndani ya korongo ili kuzuia mawe, na mfereji wa kupitishia maji kando ya kambi. Jioni hiyo mvua kubwa ilinyesha juu ya korongo. Kuta nyingi zilibomoka na kuachilia shehena ya mawe na mchanga iliyokuwa imerundikana nyuma yake kwa miaka mingi. Mfereji ukazibwa, nayo maji yakarejea katika njia zake za kale, moja kwa moja hadi kambini.

Hesabu nyepesi inaonyesha uzito wa jambo hili. Milimita moja ya mvua ni sawa na lita moja ya maji kwa kila mita moja mraba. Korongo la Arás hukusanya maji ya eneo la takriban kilomita 18 mraba. Milimita 100 zikinyesha katika eneo kama hilo, huwa ni lita bilioni 1.8, na sehemu kubwa ya maji hayo hulazimika kupita katika mlango mmoja mwembamba.

Mnamo 2005, mahakama nchini humo iliamua kwamba serikali kuu na serikali ya jimbo la Aragon zilistahili kuwalipa fidia waathiriwa, kwa kuwa hatari ya mahali hapo ingeweza kutambuliwa mapema.

Miaka mitano baadaye, alfajiri ya Juni 11, 2010, maji yalivamia kambi ya Albert Pike katika jimbo la Arkansas, Marekani, watu wakiwa usingizini. Mto Little Missouri ulipanda kutoka takriban mita moja hadi mita saba kwa muda wa saa chache, na watu 20 wakafariki.

Hata Kenya imeyaonja machungu hayo. Mnamo Septemba 2019, watu saba walifariki katika korongo la mbuga ya Hell's Gate, Naivasha, waliposombwa na maji ya ghafla.

Kwa sababu hiyo, anayepiga kambi ugenini anashauriwa kuuchunguza uwanja kabla ya kusimamisha hema. Mawe makubwa ya mviringo yaliyotapakaa nyasini, au takataka zilizonasa kwenye matawi ya miti, ni ushahidi kwamba maji yamewahi kufika hapo.

Hali kadhalika, mto ukianza kubadilika rangi na kuwa wa matope, au kubeba magogo, huo si wakati wa kufungasha mizigo. Maji yaendayo kasi yenye kina cha sentimita 15 pekee yanaweza kumwangusha mtu mzima, na yenye kina cha sentimita 60 huweza kulisomba gari.

Familia iliyo katika hali hiyo inafaa kuliacha hema na vyote vilivyomo, na kupanda kwa miguu hadi mahali palipoinuka. Kujaribu kutoroka kwa gari kupitia barabara ya bondeni ni kuyafuata maji yanakoelekea.